Fundi nyavu wa Pasiansi na ngozi ya binti yake

Hakuwa na cheti cha darasa la saba. Hakuwa na duka, wala shamba, wala ndugu mwenye cheo. Siku alipoitwa hospitali kuelezwa kwa nini uso wa mwanawe unaliwa na vidonda, hakuwa hata na miwani ya kusomea karatasi aliyopewa.

Saa tatu asubuhi Hellen Maige, 43, ameketi kwenye kibanda cha mabati ufukweni Pasiansi. Wavu wa dagaa umerundikwa mbele yake kama kichuguu. Anaingiza mkono katikati ya rundo, anapapasa, anaushika mpasuko. Hashoni. Anauvuta taratibu mpaka unatokea pembeni, ndipo anachukua sindano.

"Ukishona humo humo ndani unaunganisha tabaka mbili," anasema. "Mwenyewe akiutupa ziwani haufunguki."

"Muulize ni nani alishona hivyo," anadakia Mwanvua Maulida, fundi mwenzake.

"Mimi, mwaka wangu wa kwanza. Mwenye wavu alinikimbiza hapa kwa kasia."

"Ila ulikimbia vizuri, dada."

Kazi hii ameifanya miaka ishirini na miwili. Siku nyavu zikiwapo hupata Sh9,000.

Hellen na mumewe, mfyatua matofali Antoni Ngosha, walijaliwa watoto wawili, wote wakiwa na ugonjwa mmoja wa kuzaliwa. Jua huwaunguza kuliko watu wengine, na vidonda hugeuka saratani. Wa kwanza, Shigela, alipasuliwa mara tisa. Aliondolewa jicho, kisha sehemu ya pua. Alifariki mwaka 2021 akiwa na miaka kumi na minne.

Wa pili, Queen, ana miaka kumi. Amekwisha kukatwa vivimbe vitatu. Mchana kutwa hukaa ndani, madirisha yamezibwa kwa mablanketi.

Aliyewafumbulia jambo hili ni daktari wa ngozi, Suhaib Msafiri. Katika kila chembe hai ya mwili, anasema, mna kiini, na ndani ya kiini umo uzi mrefu mno wa vinasaba, uliokunjwa na kuviringishwa ili uenee. Jua huuharibu uzi huo kwa kila mtu, kila siku, na mwili huutengeneza. Mwili wa Queen hauwezi.

"Palipokunjwa kwa kukazwa ndipo pagumu, vitengenezaji havipenyi kirahisi," anaeleza. "Wataalamu wameona kwamba uzi wenyewe husogea. Mahali palipoharibika hutoka ndani ya mkunjo hadi ukingoni, na matengenezo hufanyika hapo. Kinachousogeza hatujakijua vya kutosha."

Hellen alimsikiliza, kisha akauliza: "Si lazima patoke, daktari? Pakishonwa humo ndani, uzi uliokatika hautashikana na usiohusika?"

Daktari anakumbuka jibu lake. "Nilimwambia, Mama Shigela, hofu yetu ndiyo hiyo. Mimi nilisoma miaka kumi na mmoja kufika pale."

Kisha ukaja mtihani. Watafiti wa chuo kikuu kimoja Dar es Salaam waliomba kipande cha ngozi ya Queen, kiasi cha punje ya dengu, wakakuze chembe zake na kuona kama sehemu zilizoharibika husogea au hukwama. Daktari hakuwaficha. Mara mbili alirudia kwamba hakitamponya Queen.

Antoni alikataa.

"Shigela tulimzika pungufu," anasema, macho yakiwa sakafuni. "Niliuliza jicho la mwanangu liko wapi. Wakasema limeshateketezwa. Lini? Wapi? Hakuna aliyejua. Sasa wanataka na huyu."

Kaka yake Antoni, Chenge, aliapa kutokanyaga tena nyumba hiyo kama kipande kitatolewa. Kwa miezi minne mume na mke hawakulizungumza. Hellen aliendelea kwenda ufukweni.

Jumapili iliyopita, wakiwa mezani, Queen ndiye aliyelianzisha.

"Baba, vile vivimbe vyangu vitatu hukuuliza vilikopelekwa."

"Niliogopa jibu, mama."

"Basi hiki uliza kabla hawajakata."

Antoni aliacha kula. Alimwambia binti yake alete daftari.

Queen aliandika, baba akitamka. Wanatoa ruhusa, ila wajibiwe kwanza kwa maandishi: kipande kitawekwa wapi, na chini ya nani. Kazi ikiisha, kitakachobaki kirudishwe Usagara, alikozikwa Shigela, kizikwe kaburini mwake.

Hellen hajipi matumaini ya uongo. "Queen hatapona kwa hili, nimeelewa," anasema. "Nataka mama atakayezaa mtoto kama huyu aambiwe mapema, na awepo mtu wa kumwambia la kufanya. Mimi niliambiwa nimpake mtoto mafuta ya nazi."

Jumatano asubuhi mume na mke walikwenda posta. Antoni aliisoma barua tena, akalamba ukingo wa bahasha, akaubana kwa ngumi juu ya kaunta mpaka ukashika. Lakini hakuinyanyua.

"Mpe wewe," alimwambia mkewe. "Mimi mkono unakataa."

Hellen akaisukuma chini ya kioo, na karani akaigonga mhuri.