Tumbo la Kasa Mdogo

Ng'ombe wangu walipokwisha kwa ukame, nilipata kazi ya kulisha kasa karibu na Kipini. Watu wa kwetu, kule nyanda za Garsen, walicheka mpaka wakashika mbavu. Mwanamume wa Kiorma, aliyelelewa na maziwa, anamkatia ngisi mnyama wa baharini asiyekamuliwa wala kuswagwa! Niliwaacha wacheke. Nilikuwa nimekufa ganzi, na mtu aliyekufa ganzi kicheko hakimfikii. Nilikula nilipopewa chakula, nikalala nilipoonyeshwa kitanda, nikaswali kwa sababu mwili ulijua wenyewe pa kuinama.

Kituo kilikuwa banda la makuti lenye matangi ya maji ya chumvi. Wavuvi walituletea kasa walionaswa kwenye nyavu zao, tukawatunza mpaka wapate nguvu za kurudi baharini. Aliyewachunguza alikuwa msichana wa Mombasa, mwanafunzi wa chuo kikuu. Sote tulimwita daktari, na kila mara alisema bado hajawa. Kila wiki alichukua kijiti chenye pamba, akakiingiza taratibu chini ya mkia wa kasa, akakitia kwenye kichupa na kukiweka kwenye friza. Mimi nilimshikia kasa. Sikuuliza kitu. Nimeshika mikia mingi maishani mwangu, na huo haukuwa wa ajabu.

Ni yeye aliyeanza kunieleza, nadhani kwa sababu kimya changu kilimchosha. Alisema kasa akianguliwa, tumboni mwake hamna wakazi wengi. Vijidudu vya kwanza huvipata kwenye yai, kwenye mchanga anaouchimba ili atoke, na kwenye maji anayomeza. Mama yake hamjui. Alifukia mayai akaenda zake. Kisha huishi bahari kuu miaka kadhaa, akila yavuyavu na viumbe vidogovidogo. Akifikia ukubwa wa sahani ya pilau, huja kwenye maji ya kina kifupi na kuanza kula nyasi za baharini. Hapo lazima wakazi wengine wahamie tumboni, wale wanaojua kulainisha nyasi, maana yeye peke yake haziwezi.

"Wanatoka wapi?" nikamuuliza. Lilikuwa swali langu la kwanza tangu nifike pale.

"Ndilo ninalolitafuta, mzee," akasema.

Katika tangi la pembeni alikuwapo kasa mdogo wa umri huohuo. Aliletwa na kidonda kilichooza shingoni, akiwa amekwama kwenye uzi wa nyavu. Daktari wa wanyama alikuja akamdunga sindano za kuua vijidudu, siku baada ya siku, na kidonda kikafunga. Lakini tumbo likagoma. Nyasi tulizompa zilitoka kama zilivyoingia, nzima, unaweza kuziosha ukampa mwingine. Akajaa hewa, akawa anaelea ubavu mmoja juu. Msichana alisema dawa ile haichagui, imeua wabaya na wazuri pamoja. Alikuwa na wasiwasi mwingi, kwa sababu alikuwa hana mwingine wa umri ule, na alikuwa amemfuatilia tangu siku aliyoletwa.

Nilimtazama yule kasa nikajua ninachokiona. Nilishakiona nyumbani.

Ndama wetu wa mwisho alikuwa jike, mamake alikuwa ameshakufa. Alianza kukohoa. Mimi ndiye niliyesoma mpaka kidato cha nne katika boma letu, kwa hiyo sindano zilikuwa zangu. Nilinunua dawa Garsen kwenye duka la mifugo, nikamdunga. Kikohozi kikaisha, na kucheua kukaisha. Mama yangu aliniita akaniambia niende kwa jirani ambaye bado alikuwa na ng'ombe mmoja anayecheua, nitie mkono mdomoni mwa ng'ombe yule, nichomoe nyasi alizokuwa akitafuna, nimlishe ndama wetu. Wazee wetu ndivyo walivyofanya tumbo likifa. Nilimjibu kwamba huo ni uchafu, kwamba tutampa ndama ugonjwa mwingine. Nilimjibu hivyo mbele ya watu. Kisha nikamdunga tena. Siku ya tatu ndama akafa, na mama hakusema kitu. Afadhali angesema.

Sasa hapa kuna tumbo jingine, limekufa vilevile. Kama kasa huyu angekufa baada ya kujaribiwa dawa ya mama, basi sikukosea, ulikuwa uchafu tu na ndama alikuwa wa kufa. Kama angepona, sikutaka kufika mwisho wa wazo hilo.

Msichana alikwenda Mombasa kwa juma zima kupeleka vichupa vyake. Asubuhi ya kwanza nilikwenda kwenye tangi la jike mkubwa, aliyekatwa pezi na boti, ambaye alikula nyasi vizuri na kunya vizuri. Nilikinga mavi yake kwa kichujio cha chai kabla hayajazama, nikayafunga ndani ya kipande cha ngisi, nikampa mdogo. Alitema. Nikamrudishia. Sikumwomba mtu ruhusa, na hilo sasa naliona kuwa kosa, lakini sisi wafugaji hatuna mazoea ya kuandika barua mnyama anapozama. Nilifanya hivyo kila asubuhi. Sikuwa na tumaini wala huruma. Mikono ilikuwa inafanya kazi iliyoizoea.

Asubuhi ya sita nilimkuta ametua chini ya tangi, amekaa sawasawa, gamba juu. Nyuma yake kulikuwa na kinyesi cha kijani kibichi, nyasi zimelainika. Nilikichota nikakinusa. Niliogopa, nasema kweli, niliogopa kuliko nilivyoogopa ukame wote.

Msichana aliporudi alipiga kelele za furaha, mpaka nilipomwambia.

"Umempa nini?"

Nikarudia. Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alisema sasa hawezi kujua ni vijidudu vipi vingekuja vyenyewe na vipi nimevitia mimi, na vichupa vya miezi vimepotea bure. Macho yalimlengalenga. Nilisema pole, na neno lilitoka kavu. Baada ya muda akachukua daftari, akaniuliza kiasi gani, siku ngapi, mavi ya nani, akaandika yote. Kisha, kwa wema wake, akaniambia, "Lakini mmoja si ushahidi, mzee. Pengine alikuwa anapona mwenyewe."

Alinipa mlango wa kutokea, na alikuwa hajui. Nilisimama pale mlangoni muda mrefu. Ningepita, ningepata usingizi. Lakini nimechunga tangu nikiwa mtoto, na nalijua tumbo linalopona lenyewe. Lile halikuwa linapona.

Mchana huohuo nilimpigia mama simu. Anaishi na dada yangu, upande wa Garsen. Tulizungumza Kiorma, hapa nayageuza maneno yetu kwa Kiswahili.

"Mama, kuna mnyama hapa tumbo lake lilikufa kwa sindano. Nimemlisha mavi ya mkubwa wake."

"Ng'ombe?"

"Kasa."

"Ndiye nani huyo?"

"Mnyama wa baharini. Ana gamba. Anakula nyasi."

Nyasi zilimtosha. "Sasa anakula?"

"Anakula. Na amekunya vizuri."

Nilisikia kuku na redio ya dada yangu. Nilitaka anitukane, anikumbushe wale watu waliokuwa wamesimama siku ile, na jinsi nilivyompazia sauti.

"Siku nyingine utanisikiliza," akasema, bila hasira.

"Siku nyingine sina ng'ombe, mama."

"Najua," akasema. "Na mimi sina."

Miaka yote hii nimesema ng'ombe wangu, ukame wangu, ndama wangu. Sikuwahi kumuuliza yeye alipoteza nini. Nilimwambia mtandao ni mbaya, nikakata simu, nikabaki nimesimama kando ya tangi nikilia, na yule kasa chini anatafuna.