Kibati cha Jirani

Siku hizi ukitaka kujua watu wa mji wetu wa mgodi walitawanyikia wapi, fungua simu. Kuna kundi lilianzishwa na mtoto wa muuza duka, na sasa tumo humo karibu wote tuliobaki. Wengine wako Dar, wengine Bukoba, mmoja yuko mbali mno hata akituamkia "habari za asubuhi" sisi tumeshakula cha jioni. Mimi sikufika mbali. Nakaa hapa Mkolani, nashona sare za shule kwenye kibanda changu kule Mkuyuni, na simu naiegemeza kwenye cherehani ili niisome huku mguu unafanya kazi.

Ni kundi la kukumbushana. Mtu anaamka tu anauliza, nani anakumbuka mkate wa kantini? Hapo usiombe uwepo. Watu wazima wenye wajukuu wanashindana siku nzima kama mkate ule ulikuwa na sukari au haukuwa nayo. Mimi nasema ulikuwa na chumvi, na ganda lake lilikuwa gumu kiasi kwamba tulianza kula katikati tukaliacha ganda mwisho, tukalichovya kwenye chai ya rangi mpaka lilainike. Mwingine atakumbusha foleni ya bombani, ndoo zikipangwa tangu alfajiri na jiwe likiwekwa kumshikia mtu nafasi. Mwingine atakumbusha kinu cha kusaga mawe, kile kilichonguruma usiku na mchana mpaka tukaacha kukisikia. Kikizimwa kwa matengenezo, watoto wachanga waliamka wakalia, na mwalimu wetu, aliyezoea kupaza sauti kushindana nacho, aliendelea kupiga kelele darasani peke yake.

Nayapenda mazungumzo hayo, sikufichi. Ila wiki tatu zilizopita mmoja aliandika: "Na ule ubao wa vibati getini mnaukumbuka?" Kabla sijameza mate akajibiwa: "Usinikumbushe. Si ndio ule wa siku yule mlevi aliporudi chini na kibati mfukoni?" Zikafuata zile sura ndogo za kucheka, tano au sita.

Mguu ukaendelea kukanyaga cherehani wenyewe. Nilipoangalia, nilikuwa nimeushona mkono wa shati la mtoto wa watu ukafunga kabisa.

Nikueleze ubao huo, maana bila huo hutanielewa. Kila mchimbaji alikuwa na kibati chake cha shaba, kidogo kama kifuniko cha soda, kina namba na tundu. Akishuka chini anakitundika kwenye msumari wake pale getini. Akipanda juu anakitoa. Jioni, zamu ikiisha, karani wa getini alitazama ubao. Ukiwa mtupu, watu wote wametoka, anagonga kengele na baruti inapigwa kule chini. Kukiwa na kibati hata kimoja, baruti inangoja. Uhai wa mtu ulikuwa unaning'inia pale msumarini, na sisi watoto tulijua hilo kabla hatujajua kusoma.

Sheria ilisema mwenye kibati akitoe mwenyewe. Lakini mji ulikuwa na desturi yake. King'ora cha jioni kikilia tulikimbia getini kuwapokea baba zetu. Baba akitoka kwenye lifti, uso mweupe kwa vumbi, macho tu ndiyo yake, anakugusa kichwani, nawe unakitoa kibati na kutangulia nacho nyumbani mbio. Baba anakuja nyuma taratibu na wenzake. Mama alikuwa hateleki maji ya ugali mpaka kibati kiingie mlangoni. Hata muhogo wa kuchemsha ungengoja. "Kibati kimefika," wanawake waliambiana uani kutoka jiko hadi jiko, na moshi ukaanza kupanda mstari mzima wa nyumba. Karani alituachia. Naye alikuwa na watoto.

Baba alikuwa namba 146. Namba 147 ilikuwa ya jirani yetu, kwa kuwa waliandikwa kazi siku moja. Sisi tulikuwa Wahaya wa Kilutheri, tumekuja na mitungo yetu ya kahawa ya kutafuna. Yeye alikuwa Mwislamu wa mjini Mwanza, mtu mrefu mwenye kikohozi na tasbihi mfukoni. Mkewe tulimwita mama jirani. Sikukuu zao pilau lilivuka uzio kuja kwetu. Krismasi ndizi zetu zilivuka kwenda kwao. Mungu hakuwajalia mtoto, basi mama jirani akanichagua mimi. Kila jioni nilitoa vibati viwili, cha baba na cha jirani, na nikifika kwake nilipata kitumbua cha moto, kingo zake zimekauka zikawa kama chapati. Nilikuwa na miaka minane, na nilijiona mkubwa kuliko mwalimu mkuu.

Siku ile mama alikuwa ameanika michembe kwenye mabati, viazi tulivyoshinda wiki nzima tukivimenya na kuvikata. Aliniambia wazi, mvua ikianza, popote ulipo, kimbia uje tuanue. Nikiwa getini wingu likaja kutoka ziwani, jeusi, na upepo ukaanza kurusha vumbi. Baba akatoka kwenye lifti. Nyuma yake, ndani ya kundi lililokuwa bado linatoka, nikasikia kikohozi. Nikasema huyo ni jirani. Sikungoja nione uso. Nikatoa 146, nikatoa 147, nikakimbia.

Michembe tuliiwahi. Nilimpelekea mama jirani kibati kimelowa, akanipa kitumbua, akateleka maji. Mimi nilikuwa bado natafuna niliposikia kengele, halafu baruti, ule mtikisiko mdogo uliogonganisha vikombe kabatini kama kila siku.

Kikohozi kilikuwa cha mtu mwingine. Jirani alikuwa amebaki chini kumalizia kukaza magogo ya kushikilia mwamba, apande na lifti ya mwisho. Lifti ya mwisho ilipanda bila yeye. Wenzake walidhani ametangulia. Karani akatazama ubao, akaukuta mtupu.

Walimtoa siku ya tatu. Nakumbuka wanaume wa Kilutheri na wa Kikatoliki wamesimama pembeni ya kaburi wakiwa wamevua kofia, hawajui waweke wapi mikono yao. Ofisi ilisema marehemu alikichukua kibati chake, kisha akarudi chini kwa siri bila kukitundika, kosa ni lake. Karani hakutaja habari za watoto, maana yeye ndiye aliyetuachia. Mitaani wakaongezea pombe. Mtu hawezi kufanya jambo la kijinga kama lile akiwa na akili zake, walisema, na ndivyo mtu ambaye hakuwahi kuonja pombe alivyozikwa mlevi.

Baba aliniuliza mara moja tu. Alikaa kwenye kigoda uani, akaniita, akaniuliza nilitoa vibati vingapi siku ile. Nikamwambia, "Kimoja, baba." Akashusha pumzi ndefu. Alifariki akiamini hivyo.

Mji nao ulikufa miaka michache baadaye. Dhahabu ya kule chini ilipungua, kinu kikanyamaza moja kwa moja, na usiku wa kwanza hakuna aliyelala. Sisi tulihamia Mwanza. Mama jirani alirudi nusu ya njia tu. Alibaki Busisi, akawa anawakaangia vitumbua abiria wa kivuko. Nimevuka pale mara nyingi, na kila mara nilijifunika khanga usoni nikapita upande wa pili wa foleni. Naona aibu kukuandikia hivi, lakini ndivyo nilivyokuwa.

Ile "yule mlevi" ndiyo iliyonishinda. Zile sura za kucheka. Jumamosi iliyofuata nilifunga kibanda nikaenda Busisi. Siku hizi unavuka kwa daraja, dakika chache uko ng'ambo, maji unayaona pembeni tu. Kule kivukoni hakuna foleni tena, hakuna wachuuzi wa samaki wala mahindi, vibanda vimefungwa au vimeezuliwa. Nilimkuta amekaa mlangoni kwake, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, kikaango kimeegemezwa ukutani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nani wewe? Macho siku hizi hayanisaidii."

Nikashindwa hata kutaja jina. Nikasema, "Mia na arobaini na sita, mama."

Akasogea kunipisha mlangoni. "Ingia ndani," akasema.

Maneno niliyokuwa nimeyapanga tangu Mkuyuni yote yalipotea. Nilikaa mkekani nikamwambia tu kwamba kibati nilikitoa mimi, na mzee alikuwa bado yuko chini.

"Najua."

"Unajua?"

"Si uliniletea wewe? Kimelowa chapachapa. Nikakupa kitumbua nikateleka maji. Kibati kimo humu ndani, mwenyewe harudi, maji yakachemka mpaka sufuria ikaungua. Ningeachaje kujua?" Alisema bila kupandisha sauti. "Wakaja watu wa ofisi. Wakaniuliza, kibati chake kiko hapa? Nikawaambia sijakiona."

"Kwa nini, mama?"

"Wangeuliza kimeletwa na nani. Baba yako wangemfukuza siku ile ile, pengine wangemfunga. Na wewe ungekua unanyooshewa kidole. Mume wangu alikuwa ameshakufa. Nikaacha waseme wanavyosema."

Nililia, sana, kilio cha kukohoa. Nikamwomba anisamehe. Alingoja nimalize.

"Mimi sijasema nilikusamehe," akasema. "Nilikuficha. Nilikuwa nangoja ukue uje useme mwenyewe. Ukakua. Nikasikia umeolewa, nikasikia umezaa. Kivuko kikifika nilikuwa natazama wanaoshuka, mmoja mmoja. Yule mtu alikuwa anaswali swala tano. Dawa ya kikohozi ikinuka spiriti alikuwa haitaki. Na mpaka leo watu wanapita hapa wananiambia pole mama, pombe mbaya."

Akainuka, akafungua sanduku la bati chini ya kitanda, akatoa kanzu iliyokunjwa. Mfukoni mwa kanzu kilikuwamo kibati. Shaba ilikuwa imegeuka nyeusi, lakini namba ilisomeka kwa kidole hata bila macho, na ndivyo alivyokuwa akiisoma yeye.

"Wewe una hiyo simu ya picha. Piga. Uwaandikie."

Nilikuwa nimemweleza habari za kundi letu na lile neno lililoandikwa humo. Nikakiweka kibati juu ya kanzu nikapiga picha. Kuandika kulinichukua muda mrefu, na nilipomaliza nikamsomea. Nilikuwa nimeandika kwamba kwa bahati mbaya, nikiwa mtoto mdogo, mvua ikiwa inakuja, nilikosea.

"Toa mvua," akasema. "Toa na bahati mbaya. Sema ulichofanya."

Nikafuta. Nikaandika kwamba namba 147 hakurudi chini, alikuwa hajapanda. Kwamba kibati chake nilikitoa mimi bila kumwona, nikakipeleka kwake. Kwamba baba yangu aliniuliza nikamdanganya. Kwamba marehemu hakuwahi kunywa pombe, na aliyemwita mlevi alipotoshwa kwa kunyamaza kwangu. Nikaweka jina langu na la baba yangu. Nikatuma.

Tulikaa tukiitazama simu pale mkekani. Kundi lile, linalogombania mkate asubuhi hadi jioni, lilikuwa kimya. Nikawaza vitu vyote tunavyokumbushana humo na jinsi vilivyokwisha. Mashimo yamejaa maji. Kinu kilikatwakatwa kikauzwa chuma chakavu. Nyumba zetu ziling'olewa milango na madirisha, na ule ubao wenyewe sijui ulikuwa kuni za nani. Nimezoea kuulilia mji ule kama kitu kizuri kilichochukuliwa kwetu. Siku ile sikuweza. Nilikumbuka moshi wa jioni ukipanda mstari mzima wa nyumba, na nyumba moja katikati ambayo sufuria yake iliungua, na jinsi mimi nilivyokula kitumbua chake mpaka mwisho.

"Wamesoma?" akauliza.

"Wanasoma, mama. Mmoja mmoja."

"Na yule aliyesema mlevi?"

Nikaangalia. "Naye amesoma."

Aliokota kibati, akatembea nacho akipapasa ukuta, akakitundika kwenye msumari kando ya mlango. Kisha akajifunga khanga kiunoni akashika sufuria.

"Ngoja niteleke maji," akasema.

Ilikuwa saa tisa mchana, si wakati wa kula, na wala hakuniuliza kama nina njaa.