Dawa ya Madini na Masikio ya Mama

Mama yangu aliuza vitambaa Temeke maisha yake yote, na alikuwa na masikio ya kuudhi. Ukimsema uani, anakujibu kutoka dukani. Kwa hiyo daktari alipotueleza kwamba dripu atakazotundikiwa pamoja na mionzi zina madini ya platinamu, na kwamba huenda zikamharibia masikio, mimi nilishtuka, yeye akacheka.

"Platinamu si ndiyo ile ya masonara, ya bei mbaya?" aliuliza. Daktari akaitikia. "Basi mie najivika ndani kwa ndani. Vibaka waje wanikwapue."

Nikamuuliza daktari ni dawa gani hiyo, inatumwa kutibu saratani ya shingo ya kizazi halafu inakwenda kuchokoza masikio. Alijibu kwa upole. Dawa ikiingia kwenye seli, alisema, inazalisha kemikali kali zinazoiharibu seli kwa ndani, kama kutu inavyokula bati. Seli ya saratani inakufa. Lakini na zile seli ndogo za ndani ya sikio zinaliwa, na zikishakufa hazioti tena. Figo wangezilinda kwa maji mengi. Kwa masikio hakuwa na kinga ya kutuahidi.

Tangu siku hiyo, kila nikitazama bati la banda langu la kuku kule Goba, hasira zinanipanda.

Mama alihamia kwangu, dripu zikaanza. Zilizotangulia kupotea ni sauti nyembamba. Simu ililia mpaka ikakata, naye ameikalia. Kisha asubuhi moja binti yangu akaja jikoni machozi yanamtoka. "Bibi kanikasirikia," alisema. "Nimempa shikamoo mara mbili, haitikii." Kwetu hata waliogombana wakanyimana salamu nyingine zote, shikamoo inaitikiwa. Nilimfuata mama nikamsemea sikioni kwa sauti kubwa. Uso ukamshuka. Sijapata kumwona ameona haya namna ile.

Basi akajitungia dawa yake. Akawa anatazama midomo, na ukiifungua tu mbele yake, anaitikia. Muuza mkaa alimuuliza aliweke wapi gunia. "Marahaba, baba," akajibiwa. Watu walicheka, na mama alipowaona wanacheka akacheka nao. Mimi nilikwenda kusimama nyuma ya nyumba.

Daktari alisema dripu zinaweza kuachwa, tukabaki na mionzi peke yake, ila nguvu ya tiba ingepungua. Nilimrudia mama maneno hayo yote sikioni kwa kelele hadi wagonjwa wengine wakageuka.

"Masikio nimeyatumia ya kutosha," alisema. "Nimesikia umbea wa Temeke nzima. Mie nataka kumwona huyu mjukuu wangu na sare za shule. Nitundikieni."

Tukaendelea. Nami nikaingiwa na wazimu wangu wa siri: kama masikio yanaliwa, basi na saratani inaliwa. Aliposhindwa kusikia adhana nilihuzunika, lakini ndani kuna kitu kilifurahi. Aliposhindwa kunisikia hata nikipiga kelele, nilijiambia dawa sasa imekolea.

Majibu ya vipimo yalipotoka, daktari alinivuta pembeni kwenye korido. Saratani ilikuwa imefika kwenye ini. Nikamuuliza ile kutu yake imefanya kazi gani. Alisema baadhi ya seli za saratani hujijengea kinga, zinazizima zile kemikali kabla hazijaziumiza, na za mama ndivyo zilivyofanya. Nilitamani kumtukana. Seli mbaya ziwe na kinga, na masikio ya mama yangu, yasiyomkosea mtu, yakose!

Mama alikuwa kwenye benchi, kajifunika mtandio, ananitazama nikimjia. Nilipiga magoti mbele yake nikaushika mkono wake. Sikuwa na nguvu ya kupaza sauti, na jambo lenyewe si la kupigiwa kelele mbele za watu.

"Mama," nilisema, "dawa imeshindwa. Ugonjwa umeenea."

Aliitazama midomo yangu mpaka ilipotulia. Akaona nimepiga magoti. Akatabasamu, akaniwekea mkono kichwani.

"Marahaba, mwanangu," alisema.