Miko ya Dalali Aliyepona Bure

Jumanne, tarehe 2 Julai 2024, Mwishehe Masoud alijaribu kunadi pweza akashindwa kulitaja jina lake.

Shahidi ni soko zima la samaki la Bagamoyo. Mwishehe alisimama mahali pake pa kila siku, akamnyanyua pweza kwa mkono wa kulia, akafungua kinywa.

"Fweza!" alisema.

Wanunuzi wakatazamana. Akarudia kwa nguvu zaidi, mate yakimtoka upande wa kushoto: "Fweza huyu vado anatenvea!"

Aliyemjibu ni Shufaa, mkaanga pweza, ambaye ni mtani wake na kwa hiyo ana ruhusa ya kusema lolote.

"Haya, leo dalali anauza fedha! Nipimie mafungu mawili!"

Soko likaangua kicheko. Shufaa akasogea amtanie vizuri, akamwangalia usoni, kicheko kikamkauka. Upande wa kushoto wa uso wa Mwishehe ulikuwa umelala kama tanga lililokosa upepo. Jicho halifumbi, paji halikunjani, na mdomo umevutwa wote kulia.

"Mwishehe," alisema, safari hii kwa sauti ya chini, "mdomo wako umehamia Unguja."

Ni vizuri kueleza mdomo huo ulikuwa na thamani gani. Mvuvi ana chombo na wavu, mkaanga ana karai, mchuuzi ana baiskeli na tenga. Dalali hana hata kimoja kati ya hivyo. Samaki anayemnadi si wake na bei anayoitaja si yake. Ana mdomo tu. Mwishehe, mwenye umri wa miaka hamsini na moja, mzaliwa wa Dunda, hajawahi kufanya kazi nyingine tangu utu uzima wake. Herufi za midomo miwili, zile za *papa*, *bei* na *mbili*, ndizo mtaji wake, na asubuhi ile zilikuwa zimemkimbia zote. Msaidizi wake, Ausi, mtu mzima ambaye kazi yake ilikuwa kupanga mafungu, alimalizia mnada. Alinadi vizuri. Baadhi ya watu walisema alinadi vizuri mno kwa mtu asiyejiandaa.

Mkewe, Arafa, alimpokea mlangoni, akapiga yowe, akamwita shangazi yake. Bi Sihaba ni mchuaji anayejulikana mji mzima. Alimpapasa Mwishehe taya, akamnusa kisogo, akatamka kwamba ni upepo mbaya umemzaba kofi. Alimchua kwa mafuta ya nazi na karafuu, na alipomaliza akamfunga mwiko: maji ya baridi yasimguse uso, na samaki asiye na magamba asimle. Maana yake pweza, papa na taa.

Wiki haijaisha, wenzake wa sokoni wakampeleka upande wa Mbegani kwa Mzee Mgeni, mganga wa mambo ya baharini. Mzee Mgeni naye alitambua upepo, ila wake ulikuwa wa baharini na ulihitaji kurudishwa ulikotoka. Alimpa kombe la kunywa, yaani maji yaliyooshea aya zilizoandikwa sahanini, na ubani wa kujifukiza. Kisha akamfunga miko yake: kila alfajiri aoshe uso kwa maji ya bahari, na asipaze sauti hata kidogo. Mzee Mgeni ni mjomba wa Ausi. Wakati huo hakuna aliyeona sababu ya kulitaja hilo.

Asiyeujua mwambao anaweza kudhani mwiko ni ushauri tu. Dawa ya mganga huisha, chupa ikaoshwa, ikatiwa mafuta ya taa. Mwiko hauishi mpaka aliyeufunga aufungue, na haufungui mpaka aliyepona asimame mbele za watu atamke ni nani aliyemponya.

Mtu wa tatu kumwona alikuwa Nasrin, tabibu wa zahanati, msichana wa miaka ishirini na saba. Mwishehe alikwenda kwake wiki ya pili, tena kwa sababu tu jicho lisilofumba lilikuwa likiingia mchanga.

"Shikamoo baba. Hebu kunja uso kama umekasirika."

"Marahava. Nimekasirika kweli."

"Inua mikono yote miwili. Ibaki juu. Sasa tembea mpaka mlangoni urudi."

Alimpima shinikizo la damu, akachungulia masikio. Akamweleza kwamba mshipa wa fahamu unaoendesha uso umevimba. Kama paji lingekunjana sawasawa huku mdomo umepinda, au mkono mmoja ungelegea, angempeleka hospitali saa ile ile, kwa sababu huo ungekuwa ugonjwa mwingine, wa ubongo, nao haungojwi. Kuna vidonge vinavyosaidia mtu akiwahi siku za mwanzo, na yeye hakuwahi.

"Lakini wengi hupona wenyewe, baba. Wiki kadhaa. Wengine miezi."

"Hufona kwa dawa gani?"

"Kwa kusubiri."

Alimpa matone ya jicho, na plasta ya kulifungia wakati wa kulala. Mwishehe alirudi nyumbani amenuna, kwa nusu ya uso iliyoweza kununa.

"Yule vinti hajui kitu," alimwambia Arafa. "Nimekwenda na mdomo, nimerudi na flasta."

Kupona kwenyewe kulianzia kwenye udhu. Tangu Julai, kila aliposukutua, maji yalimtoka pembeni mwa mdomo yakalowesha kanzu. Alfajiri moja katikati ya Agosti maji yalikaa. Alisimama na mashavu yamejaa, akiogopa kuyatema, mpaka Arafa akatoka kuuliza kulikoni, naye hakuweza kumjibu. Siku chache baadaye alizima kibatari kwa kupuliza. Mwisho wa mwezi alikuwa anataja pweza, papa, bei na mbili, na paji lilikuwa linakunjana.

Hapo ndipo ugonjwa wenyewe ulipoanza.

Bi Sihaba alitangaza kwenye msiba mmoja wa mtaani kwamba mkono wake haujawahi kushindwa na taya. Mzee Mgeni aliwaeleza waliokuwa kwenye kahawa kwamba bahari imepokea kilicho chake. Nasrin hakutangaza chochote, na kwa hiyo hakuingia kwenye hesabu. Bagamoyo mtu haponi bure. Akipona bure, basi hakuumwa; na kama hakuumwa, alikuwa mvivu tu.

Mwishehe alirudi sokoni na mdomo ulionyooka, akakuta hawezi kuutumia. Mwenyekiti wa soko, Hamidu, alimvuta kando.

"Mimi sina neno na uganga wa mtu, ndugu yangu. Lakini wanunuzi wamegoma. Samaki aliyenadiwa na mtu mwenye mwiko wa sauti, wanasema, huoza kabla hajafika Chalinze."

"Nimepona, Hamidu. Nisikilize ninavyosema."

"Nasikia. Ila hujafunguliwa. Nakupa mpaka Ijumaa. Ikifika hujafunguliwa, Ausi anashika mnada moja kwa moja, na sitaki maneno."

Kutaja jina la mtu mmoja kunaonekana jambo dogo. Lakini akimtaja Bi Sihaba, sauti inabaki imefungwa kwa Mzee Mgeni, na dalali anayenong'ona ni mtu anayejisemea peke yake. Akimtaja Mzee Mgeni, pweza anabaki amefungwa kwa Bi Sihaba, na Arafa alikwisha kulisemea hilo wakati anapepeta mchele.

"Mtaje huyo mzee wako wa Mbegani. Shangazi hatakanyaga tena nyumba hii. Na mimi nitamfuata kwao, nikakupikie kutoka huko."

Alhamisi, mnada ulipokwisha, waganga wote wawili walikuja sokoni wenyewe. Bi Sihaba aliketi kwenye kigoda karibu na karai la Shufaa, Arafa nyuma yake. Mzee Mgeni alibaki amesimama, ameegemea bakora, na hakuja peke yake: alifuatana na wagonjwa watatu kutoka Lugoba, aliokuwa amewaahidi kuwaonyesha mtu aliyemponya. Ausi alijishughulisha na ndoo iliyokuwa tayari safi. Hamidu aliomba watu wanyamaze, na kwa mara ya kwanza walinyamaza.

"Tunakusikiliza, mwanangu," alisema Bi Sihaba. "Sema ni mkono wa nani."

"Aseme ni bahari," alisema Mzee Mgeni.

"Nitasema yote," alijibu Mwishehe, kwa sauti ya chini kama mwiko ulivyotaka, hata watu wakalazimika kusogea. "Shangazi, uliniambia maji ya baridi yasiniguse. Mzee Mgeni, uliniambia nikaoshe uso baharini kila alfajiri. Nikimtii mmoja, namwasi mwingine."

"Ukamwasi nani?" waliuliza pamoja.

"Nyote wawili. Udhu nilitia kwa maji ya baridi, na baharini sikwenda: nikishaswali nilikuwa nalala."

Kicheko kikapita nyuma ya watu. Bi Sihaba hakucheka.

"Na pweza?"

"Pweza alimla hapa hapa," alidakia Shufaa, huku akigeuza vipande kwenye mafuta. "Nilimkaangia mimi. Mwiko unamtazama, na yeye anaomba pilipili iongezwe!"

"Shufaa, wewe nyamaza," alisema Mwishehe.

"Ninyamaze nini, si unatoa ushahidi? Nakusaidia."

Mzee Mgeni alikohoa. "Na sauti je? Sauti uliitunza."

Mwishehe akatazama chini. "Kuna ile Jumapili timu yetu ilipokosa penalti."

"Mtaa wa pili walisikia," alisema Arafa. "Mtoto wa jirani aliamka."

"Sasa wazee wangu," aliendelea Mwishehe, "mlinifundisha kwamba mwiko ukivunjwa ugonjwa hurudi. Nami nimevunja wote. Mdomo huu hapa, umenyooka. Kwa hiyo nikisimama kutoa ushahidi, nitaanzia hapo, ili kila mtu aelewe. Nitasema kwamba mwiko wa—"

"Subiri," alisema Mzee Mgeni.

Mmoja wa wagonjwa wa Lugoba alikuwa ameanza kumwuliza mwenzake jambo, na mwenzake alikuwa anatikisa kichwa. Mzee Mgeni aliwaona. Bi Sihaba alimwona Mzee Mgeni akiwaona. Watu hao wawili walikuwa hawajasalimiana kwa miaka, tangu kila mmoja alipomwita mwenzake mganga njaa. Sasa Bi Sihaba aliinuka kwenye kigoda, akajifunga kanga vizuri, wakaenda kando nyuma ya matenga. Hawakukaa sana. Waliporudi, Mzee Mgeni ndiye aliyesema.

"Mgonjwa akishapona, ya nyuma hayafukuliwi. Sauti yako nimeifungua."

"Na mimi pweza nimemfungua," alisema Bi Sihaba. "Maji pia. Oga unavyotaka."

"Ahsanteni, wazee wangu. Basi nimtaje nani?"

"Usimtaje mtu!" walijibu wote wawili, kwa sauti moja.

Hamidu alitangaza kwamba jambo limekwisha. Wagonjwa wa Lugoba waligawanyika: mmoja alibaki na Mzee Mgeni, mmoja alimfuata Bi Sihaba, na wa tatu akauliza njia ya kwenda zahanati, ingawa watu walimwonya kwamba huko hawatoi kitu.

Jioni Nasrin alipita kununua changu. Alimwambia Mwishehe afumbe macho, kisha acheke. Akicheka, jicho la kushoto bado hujifumba kidogo lenyewe. Nasrin alimweleza kwamba huenda likabaki hivyo, na kwamba halina madhara. Mwishehe alimchagulia samaki wazuri, akamshukuru sana, na alipokwisha kuondoka akamgeukia Shufaa.

"Binti mwema huyu. Ila hana dawa."

Kesho Ijumaa, saa moja asubuhi, Mwishehe Masoud ananadi. Ausi anapanga mafungu.