Biskuti za Kibira

Mwezi uliopita nilipanda basi la kwenda Kayanza, nikakaa dirishani. Tulipofika juu milimani baridi ikaingia, abiria wa nyuma akaniomba nifunge kioo. Sikufunga. Rafiki yangu, nilikuwa nautafuta msitu wa Kibira, na kando ya barabara haukuwepo. Nyasi tu, na mikaratusi michanga. Miti ya zamani imerudi nyuma, mbali. Najua ilivyokatwa. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na panga mkononi.

Tulikaa Bwiza, mtaa wa mjini, mimi na bibi, nyumba yenye ua wa kuanikia ndagala, dagaa wa ziwani. Miaka ile ya vita milio ya risasi ilishuka kutoka milimani karibu kila jioni, na bibi aliisikiliza kama mtu anayesikiliza mvua. “Hii iko mbali,” alisema. “Kula.”

Shuleni tulikuwa na mwalimu mwembamba, mzaliwa wa huko juu karibu na Kibira. Hesabu alifundisha kwa lazima. Msitu alifundisha kwa mapenzi. Alituchorea ubaoni sokwe, vinyonga, na miti yenye matunda makubwa kama ngumi. Mimi nilikuwa kipenzi chake, maana nilishika kila neno. Alipenda kusema: “Musitu hauulizi mutu kabila. Anayekimbilia ndani, unamuficha.”

Siku moja tukatangaziwa kwamba darasa letu litapelekwa Kibira. Barabara imetulia, na askari watatupa kamiyo, lori lao. Bibi alikaanga mandazi alfajiri, akayafunga kwenye gazeti, mafuta yakapenya hadi kwenye sketi yangu. Mwalimu alivaa shati jeupe. Tuliimba njia nzima mpaka sauti zikakauka.

Tulishushwa mahali ambapo miti ilikutana juu ya barabara. Maji yalidondoka ingawa mvua haikunyesha, na pakanukia udongo na majani yaliyooza. Mwalimu aliinua mkono tunyamaze. Kule ndani sokwe akapiga kelele, tukakumbatiana kwa kicheko. Ziara yetu ilikuwa hiyo tu.

Askari wakateremsha mapanga. Tufyeke kando zote mbili, wakasema, waasi wasipate pa kujificha. Watoto wa mjini tumepewa mapanga! Tulikata kwa kushindana, tukihesabu nani ameangusha miti mingi. Mwalimu peke yake hakuchukua panga.

“Hawa ni watoto, afande,” alisema. “Niliambiwa tunakuja kutembea.”

Mkubwa wa askari alitugeukia sisi, akatoa pakiti ya biskuti mfukoni. “Mwalimu wenu anawafundishaka nini juu ya musitu?”

Mkono wangu ulikuwa wa kwanza kupanda. Nilisimama wima kama darasani, nikasema bila kukosea: “Musitu hauulizi mutu kabila. Anayekimbilia ndani, unamuficha.”

Biskuti nikapewa mimi.

Mwalimu aliniangalia. Hakukasirika, heri angekasirika. “Apana, afande,” alisema, “mutoto hakuelewa.” Wakamshika mikono, wakamwingiza kati ya miti. Sisi tukaambiwa tuendelee. Tukaendelea. Risasi ilikuwa moja, na haikuwa mbali.

Zile biskuti nilizila zote kwenye kamiyo, tukiteremka. Sikumgawia mtu.

Nyumbani nilimweleza bibi kila kitu. Alifunga mlango, akanibana mashavu mpaka meno yakaniuma. “We hukusikia kitu. Hukusema kitu. Umeelewa?”

Siku ya tatu alikuja mke wa mwalimu, mtoto mgongoni. Alichuchumaa mbele yangu. “Alikuwa anakusifu sana,” alisema. “Najua we utaniambia kweli.”

Bibi alikuwa amesimama nyuma yangu. Nikasema mwalimu alibaki kuwaonyesha askari njia.

Mama yule alishusha pumzi. Akanishika kichwa, akanishukuru, akasema basi atampikia, atarudi na njaa. Alimngoja mpaka mvua zikaisha, kisha akahama, na Bwiza nzima hakuna aliyejua ameelekea wapi.

Bibi alishakufa. Ile shule imekuwa ghala la bia. Wale niliokata nao miti, tukikutana sokoni, tunaulizana habari za watoto na kuachana haraka. Yule mtoto wa mgongoni ni mtu mzima sasa, mahali fulani, na huenda mpaka leo anaambiwa kwamba baba yake alibaki kuonyesha njia.