Siku Nilipomkatia Mgeni Rasmi Umeme

Jamani, aibu nimepata nyingi, lakini hii ni ya peke yake, maana mpaka leo nikipita mtaa wa Shangani pale Mtwara kuna watu wazima na ndevu zao wananiita Mama Meniswichi, na mimi naitika, nifanyeje, jina lenyewe nililitafuta kwa mikono yangu miwili nikiwa darasa la sita.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, umeme wa Mtwara ukitoka kwenye mashine za dizeli, na shuleni kwetu alikuwepo Mwalimu Haule, mtu wa Songea, mpole, ndiye aliyetuanzishia Klabu ya Mazingira. Akatueleza kuwa kila taa inayowaka bure kuna dizeli inachomwa mahali kwa ajili yake, na ule moshi haupotei, unapanda juu unaifunika dunia kama blanketi, joto linazidi, mvua zinavurugika. Wenzangu walisikia wakaenda zao kucheza rede. Mimi lilinichoma, kwa sababu bibi yangu mzaa mama alikuwa kijijini Kitaya, analima mpunga kando ya Ruvuma, na likizo iliyopita nilimkuta kasimama shambani anayatazama mawingu yanavyompita, kapanda mara mbili na mara zote mbili mbegu zimekauka (kama ni kosa la taa za Mtwara mjini sikuwa na hakika, ila nilihitaji kitu cha kupambana nacho na swichi ndizo zilikuwa karibu).

Basi nikawa mkali. Nikamshawishi mama apige pasi nguo zote kwa siku moja ya wiki badala ya kila asubuhi. Redio isiyo na msikilizaji naizima, friji ikifunguliwa nasimama pembeni nahesabu kwa sauti mpaka ifungwe, na mara moja nilizima taa ya bafuni baba yumo ndani na sabuni usoni. Baba, karani wa bandarini, mtu wa maneno machache, alisema tu, "Somoe, siku moja utazima kitu ujute." Nikamwona hajaelimika. Mwalimu Haule akanipa cheo cha Mlinzi wa Taa, nikajikatia beji ya boksi nikaibandika kifuani kwa pini, nikawa natembea nayo hata sokoni.

Ikaja siku ya klabu yetu. Wazazi walialikwa, turubai likafungwa uwanjani, akaitwa mgeni rasmi, bwana mkubwa kutoka mkoani, na tulikuwa na ombi zito kwake: atusaidie tupate paneli ya umeme wa jua kwa ajili ya madarasa. Ombi hilo nilipewa mimi nilisome ndani ya risala. Vipaza sauti vililetwa na Fundi Nandonde, mzee wa Kimakonde mwenye kibanda cha kutengeneza redio karibu na sisi, ambaye siku hiyo alivaa shati lililonyooka hasa, kwa sababu mkewe na mkwe wake walikuwa wamekaa pale pale mbele.

Mgeni rasmi akasimama kuwasalimia wazazi kabla ya risala. Mimi, kwa woga wa risala, nikabanwa na haja ndogo. Wakati wa kurudi kutoka chooni nikapita barazani kwa ofisi ya walimu, nikachungulia dirishani, na nilichokiona nusura nilie: taa mbili zinawaka saa tano asubuhi, feni inazipepea meza tupu. Siku ya klabu ya mazingira! Nikajaribu mlango, umefungwa kwa kufuli. Ila meniswichi, ile swichi kubwa ya kukatia umeme, ilikuwa nje, ndani ya kiboksi cha mbao ukutani, na chini yake kulikuwa na benchi.

Nikapanda. Nikaishusha. Kap! Feni ikaanza kupunguza mwendo, na mimi nikajisikia nimeiokoa Kitaya nzima.

Kule uwanjani mgeni rasmi alikuwa anasema, "Ndugu wazazi, watoto hawa wanatufundisha umuhimu wa ume—" na hapo hapo spika zikanyamaza. Watu wote wakatoa ile "aaah!" ya kukatikiwa umeme, na mimi (Mungu anisamehe) niliyekuwa ndiyo nashuka kwenye benchi nikasema "aaah!" pamoja nao, kwa uchungu kabisa. Ilinichukua kama pumzi tatu kuelewa.  Nikataka kupanda tena niipandishe, lakini Mwalimu Mkuu na Fundi walishafika barazani, nikajificha nyuma ya nguzo.

"Unaona?" Mwalimu Mkuu alikuwa anasema. "Vyombo vyako vimeangusha swichi!"

"Nwalimu, swichi ya namna hii haianguki yenyewe," Fundi akajibu. "Hii inavutwa na ntu."

"Nani aje kuivuta? Jini? Usiiguse, utatuunguzia shule!"

Pale ndipo pa kusema. Sikusema. Nilijiambia nitasema mambo yakitulia, nikarudi uwanjani kukaa, na mambo yakaamua kutotulia. Vijana wa darasa la saba wakatumwa kwa mchomeleaji wa jirani, wakarudi wanasukuma jenereta kwenye toroli, likatiwa dizeli, likavutwa kamba mara nne, likakohoa, likawaka likinguruma, na moshi wake mweusi ukabebwa na upepo wa baharini moja kwa moja hadi meza kuu. Wazazi wakajifunika khanga puani. Mgeni rasmi alikohoa mpaka akavua miwani, na nyuma yake kitambaa chetu kimetandazwa, tumeandika kwa rangi ya kijani: WATOTO TUPUNGUZE MOSHI.

Halafu Mwalimu Mkuu akashika maiki akasema, "Tunaomba radhi, mheshimiwa. Tumeangushwa na fundi wetu, vyombo vyake ni vibovu. Haitatokea tena, kwa sababu hataitwa tena."

Watu wakacheka. Nikamtazama Fundi Nandonde. Alikuwa anakunja waya taratibu, kichwa chini, na mkwe wake anatazama pembeni kama mtu aliyeona kitu asichopaswa kukiona. Sijui kama nimewahi kujichukia vile.

"Sasa tumwite Somoe Ahmadi atusomee risala!"

Nikasimama.  Nikaanza, "Mheshimiwa mgeni rasmi, sisi watoto tunaahidi kuzima kila taa isiyo na kazi," halafu macho yangu yakakutana tena na ya yule mzee, na karatasi ikawa haisomeki. Nikasema kwenye maiki, "Fundi hana kosa. Umeme nimeukata mimi."

Wakapiga makofi! Wallahi, vigelegele kabisa, walidhani ni igizo la klabu. Mama mmoja akapaza sauti, "Mtoto anajua kuigiza huyu!"

"Siigizi!" nikapiga kelele, spika zikavuma. "Nimepanda benchi nikashusha meniswichi, ofisini kuna feni inapepea meza, nimeizima, kumbe na spika zinatoka huko huko!"

Jenereta tu ndilo linanguruma. Kisha nikaisikia sauti ya mama yangu, ile ambayo ningeitambua hata baharini katikati, "Yallah! Somoe!" na uwanja mzima ukaangua kicheko, mgeni rasmi kajishika tumbo, Mwalimu Haule kafunika uso kwa daftari, Mwalimu Mkuu ndiye hakucheka (ufunguo wa ile ofisi ulikuwa mfukoni mwake).

Fundi naye hakucheka. Alinijia mpaka jukwaani akasema kwa upole, "Haya ntoto, kawashe mwenyewe."

Uwanja mzima ukanisindikiza kwa macho hadi barazani. Nikapanda benchi, nikaipandisha, na wakati wa kushuka sketi ikanasa kwenye msumari wa kiboksi, ikachanika kutoka kiunoni mpaka pindoni, nikabaki na kaptula ya kuchezea mpira ya kaka yangu mbele ya shule, wazazi na serikali. Makofi ya safari hii hayakuwa ya igizo.

Nililia siku mbili. Siku ya tatu nikaivaa beji yangu nikaenda kibandani kwa Fundi Nandonde kumwomba radhi. Hakuniangalia. "Ulinyamaza muda nrefu," akasema, na hilo ndilo liliniuma kuliko vicheko vyote. Nikarudi kesho yake, na kesho kutwa. Jumamosi akanisogezea kigoda akanionyesha waya unaingilia wapi na unatokea wapi, nikarudi Jumamosi zote za muhula ule. Mwisho tulikwenda naye shuleni, akaitenga swichi ya ofisi na ya uwanjani, mimi nikaandika kibao cha jina la kila swichi, na Mwalimu Mkuu alimwomba radhi mbele ya mistari ya wanafunzi wote, baada ya Mwalimu Haule kumkumbusha mara tatu.

Paneli hatukuipata mwaka ule. Klabu tukaandika barua, haikujibiwa, tukaandika nyingine, na nyingine. Mwishowe paneli ikaja, ikafungwa nikiwa nimeshamaliza la saba, nikaenda kuiona juu ya bati nikiwa na sare za sekondari.

Kwa hiyo msinicheke sana. Siku hizi kabla sijagusa swichi yoyote ya watu nasimama mlangoni nauliza kwa sauti, "Kuna mtu anatumia?" na nikikosea nasema hapo hapo, kabla hajatafutwa mwingine wa kubebeshwa lawama. Kuzima kimyakimya nimekoma. Kuzima kwenyewe sijakoma, na sina mpango.