Nilimwambia Wanjiru afute jua

Jamani, leo nimefunzwa na mtoto wa miaka saba na bado sijatulia!

Nilikuwa nafundisha watoto wa Sunday school kuchora winter, majira ya baridi ya huku Minnesota, Marekani. Wanjiru akachora theluji, halafu jua kubwa la manjano.

Nikamwambia, "Futa hilo jua, hapa ni baridi."

Akanijibu kwa Kiingereza chake, bila hata kuinua kichwa, kwamba jua likiwaka hivyo ndipo baridi huwa kali zaidi, kwa sababu hakuna mawingu ya kuzuia joto lisipotee.

Nikacheka. Mimi! Niliyeona jua asubuhi nikaacha koti nyumbani.

Sasa gari limekataa kuwaka kwa baridi. Nawaandikia kwa kompyuta ya kanisa huku natetemeka.

Nani mwingine jua la Minnesota limemdanganya? Semeni, nisiaibike peke yangu.

Wanjiru ameniachia skafu yake ya pinki. Hata hakunicheka.